Kilichomo Ndani ya Kikombe cha Uji

Mtoto wa mwaka mmoja anayelelewa Nachingwea au Ruangwa hunywa uji wa muhogo, wa mtama au wa mahindi, kufuatana na hali ya ghala la wazazi wake. Tumbo lake ni dogo. Kikombe kimoja cha mililita 250 humtosha kabisa, na akiongezewa kingine atageuza uso. Kwa hiyo swali kubwa la lishe si vikombe vingapi apewe, bali ni nini kilichomo ndani ya kile kimoja anachoweza kukimaliza.

Ili kupata kitu cha kulinganishia, yafaa kutazama kinywaji cha mbali. Huko Marekani na Kanada, Krismasi inapokaribia, maduka huuza kinywaji kizito cha rangi ya manjano hafifu kiitwacho eginogi. Hutengenezwa kwa maziwa, krimu, viini vya mayai na sukari, na hutiwa kungumanga ili kinukie. Kikombe kimoja huwa na kilokalori kati ya 220 na 350, aina zilizopunguzwa mafuta zikiwa na kiasi cha chini. Protini yake ni kama gramu 10, na kalsiamu ni karibu miligramu 300. Sukari ni kati ya gramu 20 na 35, ingawa sehemu yake ni ile ya asili ya maziwa yenyewe. Sheria ya Marekani inataka mafuta ya maziwa yasipungue asilimia 6 ya uzito wa kinywaji, na yabisi ya kiini cha yai isipungue asilimia 1. Mwanafunzi mwenye kalamu atagundua jambo la kuchekesha hapa. Kwa kuwa karibu nusu ya kiini ni maji, kiwango hicho cha chini kabisa ni sawa na chini ya theluthi moja ya kiini cha yai kwa kikombe. Jina linasifu yai, lakini kazi kubwa inafanywa na maziwa, krimu na sukari.

Sasa tuutazame uji. Ukipikwa kwa unga gramu 25 katika kikombe, huwa tayari ni mzito. Hata hivyo kikombe hicho kina kilokalori 90 tu hivi. Kama unga ni wa mtama, protini yake ni gramu mbili na nusu. Kama ni wa muhogo, haifiki hata nusu gramu. Mtoto wa kati ya mwaka mmoja na miwili anayenyonya bado huhitaji kilokalori zipatazo 550 kwa siku kutokana na vyakula vingine mbali na maziwa ya mama. Kwa uji huo mtupu ingempasa anywe vikombe sita kila siku.

Vinywaji hivi viwili vyote ni vizito, lakini uzito wao hautokani na asili moja. Uzito wa eginogi unatokana na mafuta na protini, ambavyo ni chakula. Uzito wa uji unatokana zaidi na maji yaliyofungwa. Punje ndogo za wanga zipatapo joto la nyuzi 60 hadi 75 hivi za Selsiasi hunyonya maji, huvimba mara nyingi kuliko zilivyokuwa, na minyororo mirefu ya wanga huyashika maji hayo yasitiririke. Unga kidogo hutosha kufunga maji mengi. Mama akiona uji umekuwa mzito mno kwa kinywa cha mtoto huongeza maji, na hapo chakula kinazidi kupungua katika kila kijiko. Hatendi kosa, anafanya kile ambacho koo la mtoto linamwamuru.

Njia ya kuifungua minyororo hiyo ni ya kale katika nchi hii, nayo ni kimea. Mtu yeyote aliyewahi kuona togwa ikitengenezwa amekwisha kuiona kazi yake. Nafaka ikilowekwa na kuachwa ichipue kwa siku mbili au tatu, mbegu hujitengenezea kimeng'enya kiitwacho amilasi, ambacho hukata wanga vipande vifupi ili mche uupate uwe chakula chake. Vipande vifupi haviwezi kuyafunga maji. Mwaka 1983, A. C. Mosha wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, pamoja na Ulf Svanberg wa Sweden, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya jambo hili. Walionyesha kwamba unga wa kimea huwezesha uji wa mtoto kubeba unga mwingi zaidi na bado ukanyweka. Unga huo ulikuja kujulikana kwa jina la unga wa nguvu.

Mwalimu anaweza kulionyesha jambo hili darasani bila maabara. Bakuli mbili zijazwe uji mzito wa muhogo, kijiko kikiweza kusimama ndani yake. Uji ukipoa kiasi cha kuonjeka, kijiko kimoja cha chai cha unga wa kimea cha mtama kikorogwe katika bakuli moja tu. Baada ya dakika chache bakuli hilo litatiririka kama maziwa, na lile jingine litabaki lilivyo. Muhogo hauwezi kutoa kimea, lakini amilasi ya mtama haibagui wanga. Kimea kisitiwe uji ukiwa unachemka, kwa maana moto mkali huharibu kimeng'enya. Uji wa kumpa mtoto urudishwe motoni uchemke tena baada ya kulainika.

Kwa njia hiyo kikombe kinaweza kubeba unga gramu 50, yaani kilokalori 175 hivi. Kikitiwa kijiko kikubwa cha karanga zilizosagwa, gramu 15, huongezeka kilokalori 85 na protini karibu gramu 4. Kama unga ni wa mtama, jumla ni kilokalori 260 na protini gramu 9, bila ya kutiwa sukari hata chembe. Inastaajabisha kukumbuka kwamba kuanzia mwaka 1947 Waingereza walifyeka mapori ya Nachingwea kwa matrekta ili wapate mafuta ya karanga kwa ajili ya majiko ya kwao, na mradi huo ukavunjwa mwaka 1951.

Hata hivyo kikombe hiki hakilingani na kile cha maziwa kwa kila hali. Protini ya mtama na ya karanga ina upungufu wa lisini, ambayo mbaazi inayo kwa wingi. Kalsiamu yake ni kidogo, na vitamini B12 haimo kabisa. Unga wa dagaa huziba mapengo hayo mawili. Yai moja lililopigwa na kumiminwa katika uji unaochemka huongeza protini gramu 6 pamoja na B12.

Chipukizi na mizizi ya kimea cha mtama hupukuswa na kutupwa kabla ya kusaga, kwa sababu humo ndimo kunamozalika sianidi. Karanga zilizosinyaa au zenye ukungu hutolewa zote, kwani sumu ya aflatoksini haiondoki kwa kuchemshwa.