Baraza za Mji wa Kale

Anayetaka kuijua Mombasa asiishie Fort Jesus. Ngome ile Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na mwaka 1698 Waomani wakaitwaa baada ya kuizingira kwa karibu miaka 3. Ina fahari yake, ila desturi za mji ziko nje ya kuta zake, kwenye baraza za Mji wa Kale.

Baraza ni kikao cha mawe na chokaa, kimeshikana na ukuta wa nyumba, kando ya mlango. Naamini pepo za msimu ndizo zilizoipa kazi yake. Majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi yalishuka na kaskazi, kisha yakangoja kusi ndipo yarudi. Kwa miezi hiyo mfanyabiashara alihitaji mwenyeji wa kumdhamini, na mwenyeji naye alihitaji pa kumkirimu mwanamume wa mbali bila kumpitisha ndani kwa wanawake. Pale barazani mgeni alipata heshima yake yote, na nyumba ikabaki na sitara yake.

Baada ya alasiri muuza kahawa hupita na dele lake la shaba, makaa yakiwaka chini, akigonganisha vikombe viwili mkononi: kwa mlio huo tu watu hujua amefika. Kahawa ni tungu, kikombe ni kidogo, na kando huwekwa tende, kashata au halua. Mzee wa Thenashara Taifa, yale mataifa 12 ya Waswahili wa Mombasa, huketi bega kwa bega na jirani yake Mhadhrami au Mbaluchi. Apitaye ndiye hutoa salamu kwanza, hata akiwa na haraka. Hapo posa hupimwa, ugomvi wa mirathi husuluhishwa, na mauti yakitokea, hapo ndipo wanaume hupokea rambirambi.

Nami nina uchungu na majumba mapya yanayopanda ghorofa huku ukuta ukifika ukingoni mwa njia. Mzee aliyezoea kukaa nje huishia chumbani na televisheni, na mtoto wa jirani hana tena anayemuuliza anatoka wapi saa hizi. Anayejenga upya katika mitaa ya Mji wa Kale kama Kibokoni au Kuze aichore baraza kwenye ramani mapema, kabla fundi hajapima mlango.