Unataka kumchukua mbwa aliyeachwa? Soma haya kwanza

Familia inapopata safari ya kwenda nchi ya tatu, au inapoamua kurudi nyumbani, mara nyingi mbwa wao hubaki. Katika makazi kama Nakivale, Kyaka II na Kyangwali hapa Uganda, mbwa hao huzunguka penye takataka na kwenye soko, kisha siku moja mmoja anamfuata mtoto wako hadi mlangoni. Mtoto anamwonea huruma na anataka abaki. Mbwa mzuri hulinda nyumba na kuku usiku. Lakini ukimpokea bila mpango, anaweza kuleta ugonjwa, deni na ugomvi na majirani.

Jiulize kabla ya kumpokea

- Je, chakula kinatosha? Mgao umepungua kwa familia nyingi. Mbwa asiyelishwa ataenda kula mayai na kuku wa jirani, na wewe ndiye utakayelipa.
- Nani atamlisha na kumpa maji kila siku? Mtoto anaweza kusaidia, lakini mtu mzima ndiye awajibike.
- Kiwanja chako kina nafasi ya kumfunga au kumzungushia uzio?
- Majirani wanasemaje? Wengine wanaogopa mbwa. Majirani Waislamu wengi huepuka mate ya mbwa kwa sababu ya usafi wa ibada. Zungumza nao mapema.

Kama jibu la maswali haya ni hapana, usimchukue. Afadhali umtafutie mtu mwenye uwezo.

Kichaa cha mbwa: hatari kubwa kuliko zote

Ugonjwa huu hupita kwenye mate, mbwa anapouma au anapolamba kidonda. Duniani, karibu watu wote wanaoupata huambukizwa na mbwa, na watoto huathirika mara nyingi. Dalili zikishaanza kwa mtu, karibu kila mara hufa. Lakini akitibiwa mapema, kabla ya dalili, anaweza kuokolewa. Kwa hiyo chanjo ni sharti la kwanza la kufuga mbwa.

Muulize afisa mifugo wa wilaya au mwenyekiti wa kijiji (LC1) siku ya kampeni ya chanjo. Mtoto wa mbwa huchanjwa kwa kawaida kuanzia miezi 3, na chanjo hurudiwa kama afisa mifugo atakavyokuelekeza. Tunza kadi yake pamoja na karatasi zako nyingine muhimu. Mbwa akimuuma mtu, kadi hiyo ndiyo itakayoulizwa.

Jambo moja wengi hawalijui: chanjo haimponyi mbwa aliyekwisha kuambukizwa. Mbwa wa mtaani anaweza kuwa na ugonjwa huu kwa wiki au miezi bila kuonyesha dalili. Kwa miezi ya kwanza mweke mahali pake, asilale na watoto, na umwangalie. Usimchukue mbwa mwenye majeraha ya kuumwa.

Dalili za kuogopa kwa mbwa ni hizi:

- tabia kubadilika ghafla: mpole anakuwa mkali, au mkali anakuwa kimya na kujificha;
- sauti kukwaruza;
- mate mengi na kushindwa kumeza;
- taya kulegea, au miguu kukosa nguvu.

Ukiona mbwa anashindwa kumeza, usitie mkono mdomoni mwake ukidhani amekwama mfupa. Funga mlango, ondoa watoto, na umwite afisa mifugo.

Mtu akiumwa

1. Osha kidonda mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa dakika 15. Kama bomba liko mbali, mimina maji kutoka kwenye jerikani.
2. Usiweke pilipili, mafuta, majani wala jiwe jeusi.
3. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni mkwaruzo tu. Si kila kituo kina chanjo. Omba rufaa ya haraka. Mhudumu wa afya wa kijiji (VHT) anaweza kukuelekeza.
4. Maliza sindano zote kwa tarehe ulizopewa. Sindano moja haitoshi.
5. Usimuue mbwa kwa hasira. Akiweza kufungwa salama, huangaliwa kwa siku 10. Akibaki mzima, daktari hujua la kufanya. Lakini usisubiri siku hizo ziishe ndipo uende hospitali.

Kumtunza kila siku

Mpe maji safi na ugali au mabaki ya chakula. Epuka mifupa ya kuku iliyopikwa, kwa sababu hupasuka na kumchoma tumboni. Mpe dawa ya minyoo kwa ushauri wa afisa mifugo. Fukia kinyesi chake, na watoto wanawe mikono baada ya kucheza naye. Wafundishe wasimsumbue anapokula, anapolala, au akiwa na watoto wake.

Mbwa jike hubeba mimba kwa miezi 2 hivi na anaweza kuzaa watoto wengi kwa mara moja. Muulize afisa mifugo kama huduma ya kumfunga uzazi inapatikana. Kama haipo, mfungie ndani anapokuwa kwenye joto.

Mbwa wako akiua kuku au mbuzi, usikane. Nenda kwa mwenye mali mapema, mkiwa na kiongozi wa baraza la wakimbizi (RWC) au LC1, mkubaliane fidia. Jambo dogo kati ya mkimbizi na mwenyeji hukua likifichwa.

Siku yako ya kuondoka ikifika

Usimfungulie tu. Wiki kadhaa kabla ya safari, mtafute mtu anayemtaka kweli, mpe kadi ya chanjo, na umwache mbwa amzoee ungali upo. Mwambie pia mwenyekiti wa kijiji nani amemchukua, ili siku akimuuma mtu ijulikane mwenyewe ni nani na kadi iko wapi.