Maji Yaliyo Chini ya Mchanga

Mtu apitaye katika nchi ya Ukambani wakati wa kiangazi huweza kudhani ya kuwa mito yote imekufa. Haoni ila mchanga mkavu kati ya kingo mbili, na nyayo za mbuzi na punda. Lakini alfajiri, kabla jua halijapata nguvu, wanawake huteremka huko na mitungi yao. Hupiga magoti, huchimba kwa mikono na kwa kata, huutupa mchanga kando. Na baada ya kitambo kidogo maji huanza kujikusanya, kwanza yakiwa na tope, kisha yakiwa safi. Wahenga walisema, "Mtaka cha mvunguni sharti ainame." Ni shida kumpata mtu aijuaye maana ya methali hiyo kuliko mama wa Kitui au wa Makueni.

Kwa wenyeji jambo hilo si ajabu hata kidogo, wala hawalitazami mara mbili. Hata hivyo Mkristo mwenye macho ya kuona aweza kupata humo neno la kumtia moyo. Bwana Yesu mwenyewe hakuitafuta mifano yake mbali. Alisema juu ya mpanzi, juu ya chachu ya mwanamke aliyekanda unga, juu ya kondoo aliyepotea na mbegu ya haradali. Aliwafundisha watu kwa vitu walivyovishika mikononi mwao kila siku. Basi si vibaya mkulima wa leo naye akalisoma shamba lake, kama vile karani asomavyo barua iliyowekwa mezani pake.

DEBE LA MBEGU

Ilipofika Oktoba mwaka 2022, misimu minne mfululizo ilikuwa imekwisha kupita bila mvua ya kutosha katika sehemu nyingi kavu za Kenya, tangu vuli ya mwaka 2020. Msomaji na amfikirie mama mmoja mjane wa upande wa Makueni, ambaye mfano wake ulionekana katika vijiji vingi wakati ule. Ng'ombe wake wawili wamekwisha kuuzwa kwa bei ya hasara. Ndani ya nyumba limebaki debe moja la mbegu: mahindi ya Katumani yale yakomaayo upesi, kunde, ndengu na mbaazi, zote zimechanganywa na majivu ili zisiliwe na fukusi.

Mwanawe, karani mjini Nairobi, amekuja kumwamkia. Analitazama debe lile, anawatazama watoto wa marehemu dada yake walioketi ukutani kimya, kisha anasema kwa upole:

"Mama, mbegu hizi afadhali zipikwe. Mara nne umezifukia, na mara nne hukuvuna kitu. Watoto wanalala nusu shibe. Mimi nitatuma fedha kila mwisho wa mwezi, nawe utanunua unga dukani."

Maneno hayo hayakuwa ya mtu mpumbavu, wala ya mwana asiyempenda mamaye. Karani huyo alikuwa amefanya hesabu yake vizuri. Lakini mama naye alikuwa na hesabu yake.

"Mwanangu," akajibu, "nashukuru kwa fedha zako, na Mungu azibariki. Lakini wewe hukuwa umezaliwa mwaka 1984. Njaa ile tuliipa jina: Nikw'a Ngwete. Watu walikuwa na shilingi mkononi, wakaenda dukani, na dukani hamna kitu. Maana ya jina lile waijua: ninakufa nami nimeshika. Fedha ni njema, lakini shilingi haioti. Mtu akila mbegu yake ya mwisho, amekula na msimu ujao."

Baada ya kusema hayo aliligawa debe mafungu matatu. Fungu la kwanza aliliosha majivu akalitia chunguni, kwa kuwa watoto hawawezi kula matumaini. Fungu la pili aliliweka tayari kwa kupanda. Fungu la tatu alilifunga katika kibuyu akalirudisha darini.

MACHOZI YA MPANZI

Wakristo wengi wameisikia Zaburi ya 126, isemayo habari za watu wapandao huku wakilia na kuvuna huku wakishangilia. Mtu aliyezoea kununua chakula sokoni aweza kuuliza: Huyu mpanzi analilia nini? Kwani kupanda si kazi ya furaha? Lakini mjane wa Makueni hana haja ya kuelezwa. Mpanzi yule halii kwa sababu ya ugonjwa wala kwa sababu ya kazi nzito. Analia kwa kuwa kile anachokitupa udongoni ni chakula, na nyuma yake wako watoto wenye njaa wanaoutazama mkono wake. Kila punje iangukayo ni tonge lililotolewa kinywani mwa mtu. Na hata hivyo anapanda.

Hiyo ndiyo imani, nayo yaonekana zaidi mtu anapoinama na jembe kuliko anaposimama kanisani akiimba. Tena imani hiyo haikosi akili. Mhubiri, katika mlango wa 11 wa kitabu chake, aonya ya kuwa mtu akaaye kuchungulia upepo na mawingu hatapanda kamwe. Lakini mahali pale pale ashauri mali igawanywe mafungu mengi, kwa kuwa hakuna aijuaye balaa itakayokuja. Mama yule aliyeligawa debe lake huenda hakuufikiria mlango huo, lakini aliutii.

MSIMU ULIOKATAA

Ingependeza kusema ya kuwa mvua ilinyesha ikamtosheleza. Haikuwa hivyo. Vuli ya mwaka 2022 nayo ilishindwa, ukawa msimu wa tano. Mahindi yalifika magotini, yakajikunja majani kama mtu akunjaye karatasi, yakakauka. Kunde zilitoa majani ya mboga kwa majuma machache tu. Ni mbaazi peke yake zilizosimama, kwa sababu mizizi yake huenda chini sana, na desturi yake ni kungoja, hata mahindi ya msimu ule yamekwisha kusahauliwa.

Wako watu wapendao kufundisha ya kuwa mwenye imani hupata mavuno tele kila mara, na ya kuwa asiyevuna hakuomba vizuri. Shamba la Ukambani halisemi hivyo, wala Maandiko hayasemi hivyo. Nabii Habakuki aliliona zizi halina kundi na shamba halina chakula, naye akaamua kumfurahia Mungu vivyo hivyo. Hakusema ya kuwa njaa ni kitu kidogo. Alisema tu ya kuwa njaa si mkubwa kuliko Mungu. Mtu aliyeshindwa msimu mmoja, au mitano, asifikiri ya kuwa ameachwa. Mbaazi ikisimama katika ardhi iliyopasuka, haisimami kwa kuwa jua limeihurumia. Yasimama kwa sababu ya mzizi usioonekana.

KAZI YA MIKONO MINGI

Jambo la pili la kutia moyo ni matuta yaliyo kandokando ya vilima. Katika miaka ya 1930 wilaya ya Machakos, ambayo siku zile ilikuwa pamoja na Makueni, ilisifika kwa ubaya: udongo ulichukuliwa na maji, na makorongo yakakata malisho. Watu walilazimishwa kuchimba matuta, nao hawakuipenda kazi ya kulazimishwa. Lakini baadaye walianza kuyachimba kwa hiari yao wenyewe, kwa mwethya, yaani desturi yao ya kale ya majirani kusaidiana kazi. Njia iliyowafaa zaidi ni ile iitwayo "fanya juu": mtaro huchimbwa, na udongo wake hurushwa upande wa juu ili uyazuie maji. Kufikia mwaka 1990 watu wa wilaya ile walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano kupita wale wa mwanzo wa miaka ya 1930, na juu ya hayo ardhi ilikuwa imetunzwa vizuri kuliko zamani.

Katika mwethya hakuna mtu achimbaye shamba lake peke yake. Leo kikundi kizima kiko kwa mjane, kesho kiko kwa mwalimu, kesho kutwa kwa mzee asiye na nguvu. Mtume Paulo aliwaandikia Wagalatia wachukuliane mizigo. Mtu aliyewahi kusimama mtaroni, jembe lake likipokezana na jembe la jirani, hahitaji mahubiri marefu juu ya neno hilo. Mkristo akiona moyo wake umechoka na asijue la kuomba, na aende kwenye kazi ya jirani. Mara nyingi jibu la maombi limeshika sururu na lamngoja huko.

PUNJE ILIYOFUKIWA NZAUI

Karibu na mahali pale upo mlima wa Nzaui. Mwaka 1895 Peter Cameron Scott na wenzake wachache wa Africa Inland Mission walianza kazi yao ya kwanza huko. Desemba mwaka 1896 Scott alifariki kwa homa. Mtu aliyefanya hesabu siku ile angaliandika hasara tupu. Hakuliona Kanisa la Africa Inland Church lililotokana na mwanzo ule, wala umati wa watu waliomo katika kanisa hilo leo. Injili ya Yohana, mlango wa 12, yaeleza habari za punje ya ngano ambayo lazima ianguke na kufa kabla haijazaa. Mkulima hulijua neno hilo tangu utoto: ghala haliotishi mbegu.

MCHANGA ULETWAO NA MAFURIKO

Basi na turudi mtoni tulikoanzia. Siku hizi, katika mito mingi ya Ukambani, vikundi vya mwethya vimejenga kuta za mawe na saruji kukata mkondo wa mto. Mvua ikinyesha, mafuriko huja na mchanga mwingi, na mchanga huo hujaa nyuma ya ukuta. Mgeni akiona hivyo atasema bwawa limeharibika, limefukiwa. Lakini mjenzi hucheka, maana ndivyo alivyotaka. Kati ya punje na punje za mchanga maji hukaa yakihifadhiwa, na jua haliwezi kuyanywa upesi. Mchanga ule ulioonekana kuwa umelizika bwawa ndio uyatunzao maji hata kiangazi.

Yako maisha ya watu yaliyojazwa mchanga wa namna hiyo: kufiwa, madeni, ugonjwa, misimu mitano ya ukame. Mtu asiambiwe ya kuwa mambo hayo ni mema, kwa maana si mema. Lakini aweza kuambiwa kwa hakika ya kuwa Mungu hajui kupoteza hata mafuriko, na ya kuwa mara nyingi penye mchanga mwingi ndipo palipo maji. Sharti ni lile lile moja la wanawake wa alfajiri: kupiga magoti na kuchimba.

Machi mwaka 2023 mvua za masika zilinyesha, ukame ule mrefu ukakatika katika sehemu nyingi. Mama wa mfano wetu alikitoa kibuyu darini. Mbegu zilikuwa chache. Jirani mmoja wa mwethya akamwongezea kibaba kimoja cha kunde. Mvua za masika si za kutegemewa sana huko kama za vuli, nayo mavuno hayakuwa ya kujaza ghala. Lakini debe la mbegu lilijaa tena, na chungu hakikulala kitupu.

Pasaka ya mwaka ule, siku chache baada ya mahindi kuchomoza, mwanawe karani alirudi nyumbani kwa likizo. Hakusema neno juu ya habari ya kupika mbegu. Alivua viatu vyake vya mjini, akakunja suruali, akauliza, "Mama, jembe la palizi liko wapi?"

Mama akamwonyesha. Kisha akachukua mtungi wake, akateremka mtoni.