Kidole cha Mfanyakazi

Wazee wetu walisema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hiyo imetumika mara nyingi katika mikutano ya Chama kuhimiza umoja. Leo twapenda kuitazama kwa maana yake ya wazi, yaani kidole chenyewe. Kwani mfanyakazi aliyepotewa na nguvu ya kidole kimoja hutambua upesi kwamba vinne vilivyosalia havishiki nyundo wala cherehani kama zamani.

Tuseme mpakizi wa magunia agongwa ncha ya kidole na mlango wa lori. Damu haitoki, naye aendelea na kazi. Jioni aona ncha imeinama, wala hawezi kuinyosha. Kano iinuayo ncha ile imekatika. Mara nyingi tiba yake si kisu, bali ni gango dogo la plastiki au la bati jepesi, livaliwalo usiku na mchana kwa majuma 6 hadi 8. Sharti lake ni moja, nalo ni gumu: kidole kisikunjike hata mara moja. Kikikunjika siku ya 30, hesabu huanza upya. Hata wakati wa kuosha ngozi yapasa kiegemezwe mezani kikiwa kimenyoka. Liko pia gango lenye springi, ambalo huvuta polepole kiungo cha kati kilichokakamaa.

Sasa twaja kwenye neno la fedha. Mgonjwa hupewa karatasi iliyoandikwa "kifaa", na chini yake jumla ya shilingi, basi. Je, amelipia nini? Kiko kifaa kitokacho kiwandani tayari kwa kuvaliwa. Kiko kingine cha kiwandani ambacho mtaalamu hukikata na kukipinda kimfae mgonjwa. Na kiko cha tatu, kilichotengenezwa tangu mwanzo kwa kipimo cha mkono wake. Kazi ya vitu hivi vitatu si sawa, na bei yake haiwezi kuwa sawa. Huko Marekani, orodha ya malipo itumiwayo na Medicare, bima ya serikali inayowahudumia hasa wazee, imepambanua zaidi tangu mwaka 2014 kati ya kifaa kivaliwacho kama kilivyo na kile kihitajicho mkono wa mtaalamu. Atozaye bei ya kazi ambayo hakuifanya anajulikana kwa jina moja katika kila lugha.

Sisi Tanzania hatukukosa mafundi wala sheria. Chuo cha TATCOT huko Moshi kimefundisha mafundi wa vifaa vya viungo tangu mwaka 1981. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ilipitishwa mwaka 2008, na Mfuko wake ukaanza kazi Julai 2015. Katika mafao yake 7 yamo matibabu na huduma za utengamao, na mchango hutolewa na mwajiri. Mfanyakazi hakatwi hata senti. Lakini haki isiyodaiwa hulala kabatini pamoja na karatasi zake.

Kwa hiyo twasema hivi. Ndugu mfanyakazi, usiseme "ni kidole tu". Toa habari siku ile ile uliyoumia, kwa maana mwajiri ana siku 7 za kupeleka taarifa kwenye Mfuko, na madai yana miezi 12. Mwajiri naye asimrudishe mtu kwenye mizigo kabla ya majuma yake kutimia. Atakuwa amelivunja gango kwa mkono wake mwenyewe. Hospitali nazo ziandike kila kitu mbali mbali: kifaa cha namna gani, bei yake, na kazi ya kukipima na kukirekebisha. Na viongozi wa matawi mahali pa kazi wajue sheria hii, ili waweze kumsomea asiyeijua.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Gango la kidole ni kitu kidogo kuliko kiberiti, lakini likikosekana leo, mtu aweza kubaki na mkono mbovu maisha yake yote. Taifa linalojengwa kwa mikono haliwezi kudharau vidole vya wajenzi wake.