Fahamu: Jinsi jarida la Smash Hits lilivyowanasa vijana wa Uingereza
Kabla ya intaneti, kijana wa Uingereza aliyetaka kujua mwimbaji anasema nini hasa kwenye wimbo alinunua Smash Hits. Jarida hilo, lililoanzishwa na Nick Logan mwaka 1978, lilichapisha maneno ya nyimbo zilizokuwa zikivuma, pamoja na rangi kali na picha kubwa. Katikati, penye pini, palikuwa na bango. Ukizikunjua pini taratibu, unalitoa zima na kulibandika ukutani; kuanzia hapo kila rafiki anayeingia chumbani analitazama. Tangazo la bure hilo.

Lakini rangi peke yake haziuzi. Kwa maoni yangu, kazi kubwa ilifanywa na lugha: utani, majina ya kubandikwa, na maswali ya ajabu, kama kumuuliza msanii Jumanne ina rangi gani. Mastaa hawakunyenyekewa. Mwaka 1987, mwaka wa uchaguzi, hata Waziri Mkuu Margaret Thatcher alihojiwa humo. Mwanamuziki Neil Tennant, kabla ya kuvuma na kundi la Pet Shop Boys, alikuwa mmoja wa wahariri wa jarida hilo.

Smash Hits lilifungwa mwaka 2006. Wakati huo maneno ya nyimbo na picha za mastaa tayari vilikuwa vikipatikana bure mtandaoni.