Msitu wa Rusinga Uliofukiwa na Majivu

Kisiwa cha Rusinga, kilichoko Ziwa Viktoria katika Kaunti ya Homa Bay, leo kina vilima vya mawe, migunga na vichaka, lakini ndani ya miamba yake umelala msitu wa miaka ipatayo milioni 18, ambao majani, matunda na mizizi yake ilifunikwa na majivu ya volkano ya Kisingiri na kugeuka visukuku, yaani mabaki ya viumbe yaliyohifadhika katika mwamba.

Ili kuelewa msitu huo ulikuwa wa aina gani, kumbuka kwamba msitu unaopukutisha majani ni ule ambao miti yake mingi hubaki mitupu kwa msimu mmoja wa mwaka, tofauti na msitu wa mvua, kama wa Kakamega, ambao miti yake huangusha majani kidogo kidogo huku mingine ikichipua, hata kilele chake kisiache kuwa kijani. Jani hupoteza maji kupitia vitundu vyake vidogo. Kwa hiyo maji yanapoadimika, mti huvuta kwanza virutubisho kutoka katika jani, kisha seli dhaifu zilizo kwenye shina la jani huachana, nalo likaanguka. Ulaya na Amerika ya Kaskazini kinacholeta hali hiyo ni majira ya baridi, yenye mwanga hafifu na maji yaliyoganda ardhini, ilhali katika miombo ya Tanzania ni kiangazi, ingawa miti mingi ya miombo, kwa namna ya kustaajabisha, hutoa majani mapya mekundu kabla mvua haijanyesha. Kinachotenganisha biomu hizi, yaani maeneo makubwa ya dunia yanayotambulikana kwa hali ya hewa na uoto wake, si wingi wa mvua tu, bali pia namna inavyogawanyika katika miezi. Na pale ukame na moto vinapozidi, nyasi hutawala na savana huzaliwa.

Rusinga huonyesha tofauti hiyo ya biomu kwa uwazi usio wa kawaida. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu mimea ya kale ya miamba ya Hiwegi kisiwani humo ulionyesha pori ambalo sehemu kubwa ya miti yake ilipukutisha majani, lenye vipande vya msitu uliofungamana, ilhali ule wa mwaka 2014 ulieleza, katika sehemu nyingine ya miamba hiyo hiyo, visiki vilivyosimama karibu karibu na dalili za msitu mnene wenye misimu. Kwa hiyo ni kosa kudhani kwamba mahali pamoja huwa na biomu moja daima.

Katika msitu huo mnene aliishi Ekembo, nyani wa kale asiye na mkia aliyetembea kwa miguu minne juu ya matawi, wa jamii ambayo fuvu lake mashuhuri liligunduliwa kisiwani na Mary Leakey mwaka 1948, likaitwa wakati huo Proconsul. Mnyama wa namna hiyo, katika msitu uliofungamana, angeweza kupita mti hadi mti bila kushuka, lakini katika pori lililopukutika angekabiliwa na matawi matupu na nafasi pana kati ya miti.