Rufaa Dhidi ya Adhabu Ndogo Si Kisasi

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mbora wa wenye kuhukumu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu Waislamu, familia iliyodhulumiwa hulia mara mbili: siku ya msiba, na siku mahakama inapotoa adhabu inayoonekana haba. Hapo wengine hukata tamaa, wengine hunoa mapanga. Njia zote mbili ni za hasara.

Nchini Afrika Kusini, mwanariadha Oscar Pistorius alimpiga risasi na kumuua mpenzi wake, Reeva Steenkamp, mwaka 2013. Julai 2016 alihukumiwa kifungo cha miaka 6 kwa kosa la mauaji. Upande wa mashtaka ukakata rufaa, na Novemba 2017 Mahakama ya Juu ya Rufaa ikaongeza kifungo hicho hadi miaka 13 na miezi 5.

Je, kuirejea hukumu ni kumdharau aliyeitoa? Suratul Anbiyaa, aya ya 78 na 79, inatusimulia shauri la kondoo walioingia shambani usiku. Wafasiri wameeleza kuwa Nabii Daud (A.S.) aliamua kondoo wapewe mwenye shamba. Nabii Sulaiman (A.S.) akaona mwenye shamba anufaike nao kwa muda tu, huku mwenye kondoo akilihudumia shamba mpaka lirudi hali yake. Allah alimfahamisha Sulaiman, na wote wawili akawasifu kwa hekima na elimu. Tuzingatie kwamba marejeo yale yalipunguza mzigo. Kinachotafutwa ni haki, iwe kwa kuongeza au kwa kupunguza.

Hapa Tanzania, kesi ya jinai ni ya Jamhuri. Mkurugenzi wa Mashtaka ndiye anayeweza kukata rufaa Mahakama Kuu dhidi ya adhabu ya mahakama ya wilaya, na taarifa ya kusudio hutolewa ndani ya siku 30. Basi familia isikae kunung'unika barazani; iende mapema ofisi ya mashtaka. Wala ijue kuwa adhabu haiongezwi kwa machozi, bali kwa kuonyesha kwamba hakimu alikosea misingi ya sheria, au adhabu ni ndogo kupita kiasi.

Kusamehe ni fadhila kubwa, lakini msamaha hutoka kwa aliyedhulumiwa. Haulazimishwi na wazee wala kununuliwa kwa fedha. Na katika Suratul Maida, aya ya 8, tumekatazwa chuki isitupeleke kwenye dhulma. Tudai haki bila ya kuivuka mipaka yake.

Wabillahi tawfiq.